Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kupima hali ya samaki na wanyamapori kuzunguka mgodi wa makaa ya mawe

Maswali haya yanakuja kutoka kwa wanafunzi wa mazingira, kwa watu wanaoishi jirani na migodi, na kwa vijana waliopata kazi kwenye kampuni za ushauri wakatupiwa faili la kibali bila maelezo. Majibu yanahusu Marekani, maana kule sheria inaidai kazi hii waziwazi na imefanyika kwa miaka mingi, kwa hiyo mazuri na madudu yote yameshaonekana. Sijayapanga kwa umuhimu, nenda kwenye swali lako.

Hii tathmini ni kitu gani hasa?

Ni kujua, kabla mtambo wowote haujagusa ardhi, viumbe gani wapo, wanatumia sehemu gani, msimu gani, na mgodi ukija utawaumiza wapi. Wengi wanadhani ni kuorodhesha wanyama tu. Orodha ni kipande kidogo. Ukimpa injinia kurasa tatu za majina ya ndege hana cha kufanya nazo, ila ukimwambia bwawa lako la kuchujia tope umelichora juu ya dimbwi ambalo vyura wanatagia kila mwanzo wa masika, hapo atachukua kalamu. Mimi ripoti nzuri naipima hivi: je, kuna kitu kimehama kwenye ramani ya mgodi kwa sababu yake? Barabara ya malori imesogezwa, kifusi kimepelekwa bonde lingine, miti imeachwa isikatwe mpaka majira ya baridi? Kama ramani iko vilevile kabla na baada, basi jamaa alikuwa anajaza fomu.

Sheria gani inadai hii kazi?

Surface Mining Control and Reclamation Act, watu wanaiita SMCRA, Rais Jimmy Carter aliisaini Agosti 3, 1977. Kwenye kanuni zake, juzuu la 30 la kanuni za serikali kuu, angalia kifungu 780.16 kwa migodi ya juu na 784.21 kwa migodi ya chini ya ardhi. Vinasema mwombaji wa kibali alete taarifa za samaki na wanyamapori za eneo la kibali na eneo la jirani, halafu alete na mpango wa kuwalinda. Majimbo mengi yenye makaa kama Wyoming, West Virginia, Kentucky na Pennsylvania yanasimamia yenyewe kwa programu zilizopitishwa na OSMRE, ofisi ya serikali kuu ya mambo haya, kwa hiyo mara nyingi utakutana na kanuni ya jimbo kabla ya ile ya Washington.

Zipo na nyingine zinazoingia humohumo: Endangered Species Act ya 1973, sheria ya ndege wanaohama ya 1918, ile ya tai ya 1940, na Clean Water Act kwa upande wa maji.

Nani anaamua tathmini iende kwa kina gani?

Si kampuni, na si konsaltanti wake. Mamlaka ya kibali ndo inaamua, ikishauriana na idara za wanyamapori za jimbo na za serikali kuu. Taarifa za eneo lenyewe, yaani mtu ameenda akapima pale pale, zinadaiwa pale panapokuwa na uwezekano wa spishi waliotangazwa kuwa hatarini au wanaopendekezwa kutangazwa, makazi yenye thamani ya juu kama vijito muhimu, ardhi oevu, kingo za mito, majabali yenye viota vya ndege mbuai, njia za kuhama, sehemu za kuzalia na za kukaa majira ya baridi, na chochote kingine ambacho idara hizo zimesema kinahitaji ulinzi wa pekee. Fish and Wildlife Service, idara ya wanyamapori ya serikali kuu, wakiomba kuziona taarifa na mpango, mamlaka inatakiwa iwapatie ndani ya siku 10.

Ushauri wangu ni mdogo tu, pigeni simu mapema. Kikao kimoja cha mwanzo na wataalamu wa jimbo kinaokoa mwaka mzima wa kurudia kazi.

"Eneo la jirani" linaishia wapi?

Hapa ndo penye ugomvi. Kwa mnyama wa nchi kavu watu huchora mstari kuzunguka mpaka wa kibali wakaridhika, na kwa baadhi ya viumbe inatosha. Ila kwa samaki huo mstari hauna maana. Maji yanashuka, chumvi inashuka nayo, tope linashuka nalo, sasa wewe umeishia mita mia mbili chini ya bwawa kwa sababu ndo mwisho wa ramani yako?

Fuata maji mpaka pale ambapo vijito vingine vimeingia vya kutosha kuzimua. Na kabla hujaweka vituo vya kupima, soma sehemu ya faili inayoeleza mgodi utafanya nini kwenye maji ya juu na ya chini ya ardhi. Ajabu ni kwamba mtu wa maji na mtu wa samaki wanaweza kufanya kazi faili moja, ofisi moja, na hawajawahi kusomeana. Mtu wa maji ameandika wazi kwamba chumvi itapanda kwenye kijito fulani, mtu wa samaki ameweka kituo kijito cha pembeni kwa sababu kina daraja na gari linafika.

Kama unataka kuona umbali unaoweza kwenda, angalia mpakani na Kanada. Seleniamu, elementi inayotoka kwenye mwamba uliovunjwa, kutoka migodi ya Elk Valley, British Columbia, inashuka na mto mpaka bwawa la Koocanusa ambalo nusu yake iko Montana. Teck Coal ilitozwa faini ya dola milioni 60 za Kanada mwaka 2021 kwa uchafuzi wa upande wa Kanada, lakini seleniamu yenyewe haikusimama mpakani kuonyesha pasipoti.

Inachukua muda gani? Bosi anataka wiki mbili.

Bosi asubiri. Msimu ndo unaamua.

Wadudu wa majini unawakusanya vizuri masika, kabla hawajaota mabawa na kutoka majini. Samaki unawapata vizuri mwisho wa kiangazi maji yakiwa machache na matulivu, ila trauti wa vijitoni anataga msimu wa majani kupukutika, kwa hiyo kama unataka kujua wanatagia wapi unarudi tena. Vyura na salamanda (jamaa wa vyura wenye mikia) wa madimbwi ya muda ni wiki chache tu mwanzoni mwa masika, ukichelewa dimbwi limekauka na utaandika "hakuna kitu". Popo kwa nyavu ni katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Viota vya tai vinaonekana kirahisi mwisho wa baridi kabla majani hayajarudi kwenye miti.

Piga hesabu mwenyewe, huwezi kukwepa mwaka mzima, na miwili ni bora kwa sababu mwaka mmoja unaweza kuwa wa ukame na ukadhani kijito ndo kawaida yake kuwa hivyo. Halafu data za hali ya mwanzo zina ubaya mmoja, huwezi kuzirudia. Mgodi ukishaanza, hali ya kabla ya mgodi haipo tena popote isipokuwa kwenye daftari lako. Miaka 10 mbele mkigombana kama samaki walikuwepo au hawakuwepo, mtalifungua daftari hilohilo.

Mkifika mtoni mnafanya nini kwa vitendo?

Nitaeleza kidogo kwa urefu maana hii ndo sehemu ambayo ukiilipua, huko mbele hakuna kinachorekebishika.

Kwanza unachagua vituo: kimoja au viwili juu ya mgodi, kadhaa chini yake, na kijito cha kulinganisha kilicho kwenye mwamba uleule na ukubwa uleule lakini hakina mgodi. Hicho cha kulinganisha watu wanakiruka ili kuokoa hela, halafu samaki wakipungua baadaye hawana jinsi ya kujua ni mgodi au ni ukame wa eneo zima.

Wadudu wa majini ndo wa kuanza nao. Mnaingia wawili pale maji yanapokimbia juu ya mawe, mmoja anashika wavu ukigusa chini kabisa mtoni, mwingine anasimama hatua moja upande maji yanakotoka na anavuruga mawe kwa buti, anainama anasugua jiwe mojamoja kwa mkono, kila kilichoshikilia jiwe kinang'oka kinaingia wavuni. Eneo mnalovuruga linapimwa, muda unapimwa, si kukanyaga ovyo mpaka mchoke. Mnamwaga kwenye sinia jeupe. Kijito kizima kinachemka: kuna wenye mikia mitatu wamelala bapa wanakimbia kama wanateleza, kuna wenye mikia miwili wakubwa kidogo, kuna wale wanaojijengea vijumba vya mchanga na vijiti. Hayo ndo makundi matatu, Ephemeroptera, Plecoptera na Trichoptera, na ndo ya kwanza kuondoka maji yakiharibika. Sinia likiwa na minyoo na viluwiluwi vya mbu-mbu vyekundu tu, umeshapata jibu la awali kabla maabara haijafungua chupa. Lakini usiandike hilo jibu, peleka sampuli kwenye alkoholi, ikatambuliwe kwa darubini. West Virginia kwa mfano wanachukua viumbe 200 kwa bahati nasibu kutoka kwenye sampuli na kutoa alama ya 0 hadi 100.

Samaki ni mashine ya umeme ya kubeba mgongoni. Unapima urefu wa kipande cha kijito, unakiziba juu na chini kwa nyavu, mnapita mara kadhaa mkipanda, samaki wanapigwa na butwaa, mnawachota, mnawatambua, mnawapima, mnawarudisha hai. Kuna mtego hapa ambao wageni hawaujui: umeme unategemea chumvi iliyo kwenye maji. Kijito safi cha juu kina chumvi kidogo sana na umeme haupiti vizuri, kijito kilicho chini ya mgodi kina chumvi nyingi na umeme unapita kwenye maji badala ya kupita kwenye samaki. Usiporekebisha mashine kwa kila kituo utapata tofauti ya idadi ambayo haitokani na samaki wala mgodi, ni mashine yako. Kwa hiyo andika volti, andika muda wa umeme, andika kipimo cha chumvi, kila mara.

Na maji yenyewe bila shaka: joto, oksijeni, pH (kipimo cha asidi), uwezo wa kupitisha umeme, salfeti, chuma, manganisi, aluminiamu, seleniamu. Na mtiririko. Namba ya kemikali bila mtiririko ni nusu ya taarifa.

Maji yanaonekana masafi na pH ni 7, si basi hakuna shida?

Hapana. Ile picha ya kijito cha rangi ya machungwa, mawe yamepakwa kutu, ni kweli ipo, inatokea pale pairaiti (madini ya chuma na salfa) kwenye mwamba inapokutana na hewa na maji ikatengeneza asidi na chuma. Inatisha na inaonekana. Ila milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, ina tatizo lingine la kimyakimya: mwamba uliovunjwavunjwa na kurundikwa bondeni unatoa salfeti, baikaboneti, kalsiamu na magnesiamu, maji yanatoka meupe kabisa, pH nzuri tu, lakini chumvi imepanda mara nyingi zaidi ya asili.

EPA, shirika la mazingira la serikali kuu, mwaka 2011 lilitoa kipimo cha kulinganishia kwa vijito vya Appalachia ya kati, cha uwezo wa maji kupitisha umeme, ambao unapanda chumvi ikipanda: maikrosimensi 300 kwa sentimita. Ni kiwango ambacho kikivukwa unatarajia kupoteza asilimia 5 ya jenasi za wadudu wa majini, na wale wenye mikia mitatu ndo wanaoumia sana. Kifaa cha kupimia hiki kitu kinaingia mfukoni. Kwa hela ndogo hakuna kipimo kingine kinachokwambia mengi hivyo, na kama uko mkazi wa jirani na unataka kununua kitu kimoja, nunua hicho.

Kijito kinakauka miezi kadhaa na hakina samaki. Kwa nini kipimwe?

Kwa sababu huko juu ndo kifusi kinakomwagwa. Vijito vidogo vya mwanzo havina samaki, ndo maana salamanda wanakaa humo, hakuna wa kuwala. Majani yanayooza humo ndo chakula kinachoshuka kulisha mto wa chini. Tathmini kubwa ya mazingira iliyoongozwa na EPA kuhusu uchimbaji wa kukata vilele vya milima ilikadiria maili 1,200 hivi za vijito vya aina hii ziliathirika kati ya 1992 na 2002. Kanuni inataka mita 30 hivi, futi 100, ziachwe kila upande wa kijito kisichokauka au kinachokauka kwa msimu isipokuwa mamlaka iruhusu, sasa hiyo "isipokuwa" ndo imeleta kesi na kesi. Mwaka 2016 ilitoka kanuni mpya ya kuimarisha ulinzi wa vijito, Februari 2017 Bunge la Marekani likaifuta.

Seleniamu ina nini cha pekee?

Inawadanganya watu. Samaki mkubwa anaonekana mzima, ananenepa, unamvua unafurahi. Kumbe mama anaipeleka kwenye mayai na vifaranga wanazaliwa na migongo iliyopinda, matumbo yamevimba, vichwa vimeharibika, wengi hawafiki popote. Ukihesabu samaki wakubwa tu utaandika "hali nzuri" mpaka siku wazee wanaisha na hakuna vijana wa kuwafuata. Samaki wenye maumbile ya hivyo walipatikana kwenye bwawa la Upper Mud River huko West Virginia.

Ndo maana kiwango cha EPA cha 2016 kinaanzia kwenye mayai na ovari, miligramu 15.1 kwa kilo ya uzito mkavu, kisha mwili mzima 8.5, kisha minofu 11.3, na maji yanakuja mwisho: maikrogramu 3.1 kwa lita kwenye maji yanayotembea na 1.5 kwenye maji yaliyotuama. Ona tofauti, yaliyotuama yana kiwango kikali zaidi kwa sababu seleniamu hukaa humo ikaingia kwenye mnyororo wa chakula. Kwa hiyo kama kuna ziwa au bwawa chini ya mgodi, weka kituo, hata kama liko mbali. Na pima tishu za samaki KABLA ya mgodi, siyo baada ya malalamiko.

Mgodi wa chini kwa chini hauna shida na wanyama, si ndiyo?

Una. Ule uchimbaji unaokata ukuta mrefu wa makaa na kuacha paa liporomoke nyuma yake unaishusha ardhi ya juu, mwamba unapasuka, kijito kinaweza kupotelea kwenye nyufa. Samaki hawahitaji sumu ili wafe, ukiwanyima maji inatosha. Pia makaa yakioshwa kuna tope la kuhifadhi. Oktoba 2000 huko Martin County, Kentucky, bwawa la tope la makaa lilipasukia kwenye mgodi wa zamani uliokuwa chini yake, zaidi ya galoni milioni 300 zikaingia vijitoni, viumbe wa majini wakafa maili na maili. Kwa hiyo kwenye tathmini ya mgodi wa chini usiangalie mdomo wa mgodi peke yake.

Mbona kila ripoti ya mashariki imejaa popo?

Popo wa Indiana yuko kwenye orodha ya waliomo hatarini tangu 1967. Majira ya baridi wanalala kwenye mapango na migodi iliyoachwa, kiangazi majike wanalea watoto chini ya magome yaliyobanduka ya miti mikubwa, iliyokufa au inayokaribia kufa, yaani ile miti ambayo mtu wa mbao anaiita takataka. Halafu ukaja ugonjwa wa pua nyeupe, fangasi aliyeonekana mara ya kwanza New York mwaka 2006, akaua popo kwa mamilioni. Popo mwingine wa misitu, yule mwenye masikio marefu wa kaskazini, uamuzi wa kumpandisha daraja hadi aliye hatarini kutoweka ulitoka 2022.

Kazi yenyewe ni ya usiku. Vifaa vya kurekodi sauti vinatundikwa, nyavu laini zinafungwa kukatiza njia ya msituni au juu ya kijito, na kila mdomo wa mgodi wa zamani unakaguliwa. Ukishampata jike mwenye mimba au anayenyonyesha unaweza kumbandikia kitransmita kidogo mgongoni, unamfuata kesho yake hadi kwenye mti wake, jioni mnakaa chini mkitazama juu na kuhesabu wanaotoka. Mti mmoja unaweza kutoa popo wengi kuliko ulivyodhani msitu mzima unao. Huo mti ukijulikana, unachorwa kwenye ramani na ukataji unapangwa wakati wako mapangoni.

Jambo moja la kushangaza kidogo: migodi iliyoachwa kabla ya 1977, ile tunayoilaumu kwa maji ya kutu, mingine imekuwa mapango ya popo. Ndo maana siku hizi kwenye kuiziba wanaangalia kwanza, na wakikuta popo wanaweka mlango wa nondo badala ya kumwaga udongo. Watu hawaingii, popo wanapita.

Na mito yenye kamba wale wenye magando?

Soma kuhusu kamba wa mto Guyandotte, alitangazwa kuwa hatarini kutoweka 2016, mwaka uleule ndugu yake wa Big Sandy alipowekwa daraja la chini kidogo. Anakaa chini ya mawe makubwa bapa, tope likijaza ule uwazi chini ya jiwe, nyumba imeisha. Ukitumia wavu mdogo na kupita haraka humpati. Inabidi kuinua mawe makubwa, watu wawili, jiwe kwa jiwe, na kulirudisha lilivyokuwa.

Magharibi, kwa mfano Wyoming, mambo yakoje?

Tofauti kabisa. Kule Powder River Basin ni nyika kavu, migodi mikubwa ya juu, hakuna misitu ya popo. Mazungumzo ni ya kwale mkubwa wa nyikani, Centrocercus urophasianus, ambaye madume wanakusanyika uwanja uleule kila mwaka kucheza mbele ya majike. Unahesabu alfajiri, Machi hadi Mei, kwa darubini ukiwa mbali, maana ukisogea wanaruka na umeharibu hesabu na siku yao. Uwanja ni sehemu tu ya habari, majike wanatagia kwenye vichaka kilomita kadhaa pembeni, kwa hiyo kulinda uwanja peke yake na kusawazisha vichaka vyote ni kazi bure. Kelele nazo zinahesabika. Mbali na hao kuna tai wa dhahabu, paa wa nyikani wanaohama na kuzuiwa na uzio, na kadhalika.

Nimetoa orodha ya spishi kwenye mfumo wa IPaC wa Fish and Wildlife Service. Haitoshi?

Haitoshi. Ile inakwambia nani ANAWEZA kuwepo kwenye eneo lako. Hakuna aliyeenda kutazama. Ni mahali pa kuanzia tu.

Akipatikana spishi aliye hatarini mgodi unakataliwa?

Mara nyingi hapana, na hii inawakasirisha watu wa pande zote mbili. Kinachofuata ni mashauriano, na masharti maalumu kwa huyo kiumbe yanaingia kwenye kibali: msimu wa kukata miti, umbali kutoka kijitoni, viwango vya tope, ufuatiliaji wa kila mwaka. Ila mgodi ambao ungehatarisha uhai wa spishi nzima au kuharibu makazi yake muhimu hautakiwi kupewa kibali.

Mpango wa ulinzi unakuwa na nini ndani?

Vitu vya kawaida kabisa: nguzo za umeme zilizotengenezwa ndege wakubwa wasipigwe shoti, uzio ambao wanyama wanaweza kupita, mabwawa yenye sumu kuzibwa wasiyafikie, kingo za mito kuachwa au kurudishwa. Angalia kama kila hatua imefungwa na kitu kilichopatikana kwenye tathmini. Mpango ulionakiliwa kutoka mgodi mwingine unaujua haraka, unataja mnyama ambaye hayupo jimbo hilo.

Konsaltanti analipwa na kampuni. Tumwamini vipi?

Usimwamini wala usimkatae, dai data ghafi. Tarehe, viratibu vya GPS, saa, hali ya hewa, nani alikuwepo, walivua kwa muda gani, vibali vya kukusanya sampuli, sampuli zimehifadhiwa wapi. "Hakuna popo aliyepatikana" ni sentensi tupu mpaka ujue ni nyavu ngapi, usiku mingapi, na kama mvua ilikuwa inanyesha. Kwenye uchunguzi wa aina hii kutopata ni matokeo, lakini kutotafuta siyo.

Baada ya kufunga mgodi wanyama wanarudi?

Wengine. Kentucky walileta elki, aina ya kulungu wakubwa, Desemba 1997 na kufikia 2002 walishaachia zaidi ya 1,500 kutoka majimbo ya magharibi, wengi kwenye maeneo ya migodi iliyofukiwa na kuoteshwa nyasi. Wamezaliana sana, watalii wanakuja, wawindaji wanakuja. Safi. Ila elki anapenda nyasi, na pale palikuwa msitu. Ndege wadogo wanaohitaji msitu mkongwe hawasaidiwi na nyasi, na salamanda ndo kabisa. Kwa hiyo mtu akikuonyesha picha ya elki kama ushahidi kwamba eneo limepona, muulize tathmini ya mwanzo ilikuta nani.

Miti ilikuwa inagoma kwa sababu udongo ulishindiliwa na mitambo mpaka ukawa kama sakafu. Tangu 2004 mpango wa kurudisha misitu Appalachia unahimiza kuacha futi 4 hivi za udongo uliolegea ndo upande, na miti inaitikia. Kampuni inabaki na wajibu wa mimea angalau miaka 5 palipo na mvua zaidi ya inchi 26 kwa mwaka, na 10 palipo kukavu zaidi, ndo dhamana, yaani fedha ya kuhakikisha ardhi inarudishwa, iachiwe. Kwa msitu hata 10 ni kidogo, lakini ndo sheria.

Mimi ni mkazi tu. Naruhusiwa kuona na kusema?

Unaruhusiwa. Tangazo la maombi linatoka gazetini mara moja kwa wiki kwa wiki 4 mfululizo, nakala ya maombi inawekwa mahakama ya kaunti au ofisi nyingine ya umma, na una siku 30 baada ya tangazo la mwisho kuandika pingamizi au kuomba kikao. Sehemu za maombi zinazofichwa kama siri ni chache tu.

Usiandike "mgodi utaua samaki wetu", hiyo haijibiki. Andika: kituo namba 3 kiko juu ya mahali maji ya bwawa yatakapoingia, kwa hiyo hakipimi kitu, ongezeni kituo chini ya makutano. Andika: uchunguzi wa popo ulifanyika Septemba, nje ya msimu. Andika kwamba kuna chemchemi nyuma ya shamba ambayo haipo kwenye ramani, weka picha na tarehe, ambatisha na namba za kile kifaa chako cha mfukoni kama unacho. Maoni ya namna hiyo mamlaka inalazimika kuyaangalia moja moja, tena konsaltanti mzuri huwa anashukuru.